Aliyeshika Miguu

Jumatatu, 2 Februari 1948

Arno, mume wa mdogo wangu Leni, amerudi. Nimemwona kwa macho yangu kwenye foleni ya mkate, watu saba mbele yangu. Koti la jeshi lililotiwa rangi nyeusi, kofia ya marehemu baba yake. Amekonda. Ncha ya sikio moja imeliwa na baridi huko alikokuwa mateka. Akageuka, akavua kofia.

"Shemeji," akasema. "Hujambo?"

Shemeji! Kama vile tuliagana jana baada ya chakula cha Jumapili.

Nilichukua mkate wangu – ule wa njano, wa unga wa mahindi wa Waingereza, unaobomoka kabla hujafika nyumbani – nikaondoka. Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za kanisa.

Na gazeti nalo leo hii hii. Mwendesha mashtaka anatafuta mashahidi wa yale yaliyotendeka mwaka 1933 kwenye kiwanda cha nyuzi cha kando ya mto, wakati wanamgambo wa mashati ya kahawia walipokigeuza kambi ya wafungwa wa siasa. Wametaja walinzi sita. Nimesoma mara tatu. Arno Pütz hayumo.

Daftari hili nimelitoa kazini, kiwanda cha utepe. Kurasa za mbele zina hesabu za rangi, za nyuma tupu. Sijaandika kitu changu tangu Konrad afe. Sasa naandika, nisije nikasahau hata siku moja ya kazi hii.

Watakuwa saba.


Jumatano, 4 Februari

Ofisi ya mwendesha mashtaka iko juu ya duka la majeneza. Jengo lao lenyewe lilipigwa bomu. Bwana Sandkuhl ni kijana, ana mkono mmoja, mwingine aliuacha Urusi. Alinisogezea kiti kwa mguu.

Nilimweleza yote. Mume wangu Konrad Wirtz, mfumaji utepe, mtu wa chama cha wafanyakazi. Walimchukua Julai 1933 sahani ya supu ikiwa mbele yake. Wiki kumi na moja. Alirudi akikojoa damu. Walimlazimisha atie sahihi karatasi kwamba ametendewa vyema na hatamwambia mtu kitu – na kweli hakumwambia mtu. Mpaka wiki aliyokufa, 1936. Wiki hiyo alisema sentensi moja: "Arno ndiye aliyenishika miguu."

Wengine walipiga. Arno alishika miguu ili Konrad asijigeuze.

"Wewe ulimwona?" akauliza Sandkuhl.

"Hapana."

"Nani alimwona?"

"Konrad."

"Bi Wirtz, Konrad ni marehemu."

"Najua. Mimi ndiye niliyemwosha."

Akaweka kalamu chini. Akasema, bila ukali, kwamba maneno ya marehemu kupitia kwa mjane wake, wakili yeyote atayapeperusha. Nimletee mtu mmoja aliye hai, aliyekuwa chumbani, aliyeona. Mmoja anatosha.

Mamia ya watu walipita kiwandani mwaka ule. Mmoja nitampata, hata akijificha chini ya kitanda.


Jumamosi, 7 Februari

Leni amekuja. Ndoo ya viazi. Mdogo wangu ana mkono mzuri wa kupata vitu, siku zote alikuwa nao. Mama alifurahi mpaka akaanza kumenya kabla Leni hajavua kitambaa.

Nilijua hakuja kwa ajili ya viazi.

"Dada," akasema, "nasikia ulikwenda kwa yule wa mkono mmoja."

"Nilikwenda."

"Arno alikuwa mlinzi wa lango tu. Hakuwa na kazi miaka mitatu, walimpa buti na supu. Lango tu."

"Wiki kumi na moja nilisimama pale langoni na kikapu cha nguo safi. Najua nani alikuwa langoni. Alikuwa mzee wa kiguu. Arno alikuwa ndani."

Mama akaendelea kumenya. Ganda refu, jembamba, halikatiki. Hapo ndipo husikia vizuri zaidi.

"Miaka minne kambini kwa Wafaransa," Leni akasema. "Hiyo haitoshi?"

"Kwa Wafaransa labda inatosha."

Akaondoka. Nilitaka kumrudishia ndoo yake, lakini Mama alikuwa ameshaweka sufuria jikoni. Nilikula. Vilikuwa vitamu, na nilikula mpaka kile cha mwisho. Haibadilishi kitu.


Alhamisi, 12 Februari

Siku ya nne ya kugonga milango baada ya kazi. Bi Nohl wa ghorofa ya chini ananisindikiza, miaka yake sabini na moja na viatu vya mbao. Mwanawe Paul aliingia kiwandani Agosti 1933, akatoka kwenye sanduku lililopigwa misumari. Walisema alijirusha mtoni. Paul, aliyekuwa akiogelea tangu utoto wake!

Milango ya leo. Kwa Dressler: anagombea baraza la mji, hataki "mambo ya zamani." Alivunjwa mbavu mbili pale, na sasa anayaita mambo ya zamani. Kwa mjane wa mwoka mikate: alilia, akatupatia kipande cha keki, hajui kitu. Mumewe ndiye aliyepeleka mikate kambini kila asubuhi. Kwa Kottmann: alifungua mlango kiasi cha pua. Akasema Arno alikuwa winga mzuri wa kushoto, mji huu haujapata mwingine. Nikamuuliza kama aliwahi kumwona akicheza ndani ya kiwanda. Mlango ukafungwa.

Bi Nohl hasemi sana njiani. Leo alisema: "Mimi huyo Arno wako simhitaji, Adele mwanangu. Mimi namtaka aliyemtaja Paul. Paul hakuwa mtu wa chama, alibeba tu karatasi zao mara moja au mbili. Nani aliwajua waliobeba? Mtu wao wenyewe. Huyo nikimjua, namtemea mate usoni, na akiwa amekufa naenda kuyatema kaburini."

Nikamwambia tutamtafuta na huyo.

Kwa Kottmann, kabla mlango haujafungwa, mkewe alisema kwa nyuma: "Muulizeni Ehlen. Ehlen alilala chumba kimoja na Konrad."

Gustav Ehlen! Fundi viatu. Rafiki wa Konrad. Na miaka yote hii hajawahi kuniambia hivyo.


Jumanne, 17 Februari

Ehlen amekataa.

Alikuwa anakata soli kutoka kwenye tairi la lori, misumari mdomoni. Nilisema nilichotaka. Akatoa misumari mmoja mmoja, akaipanga mezani.

"Bi Adele, niache."

"Ulikuwa chumbani?"

"Nilikuwa."

"Ulimwona Arno?"

"Niache, nakuomba. Viatu vyako nitatengeneza maisha yangu yote. Hili niache."

Hakunitazama hata mara moja. Mtu mwoga hutazama mlango. Huyu alitazama kiti – kile cha wateja, karibu na jiko, kitupu.


Alhamisi, 19 Februari

Mvua. Kazini nyuzi zinakatika kwa unyevu. Kila ilipokatika nilifikiria mifupa ya Arno. Sioni aibu.


Jumapili, 22 Februari

Mama katimiza sabini na nne. Alisema hataki zawadi, anataka mabinti wake wawili mezani, na waume zao. Nikamwambia wangu hatapata kiti. Akasema, "Adele, siku moja tu."

Basi wakaja. Arno alipandisha makaa ya mawe ya Mama kutoka chini, ndoo mbili kwa safari moja, bila kuambiwa. Alinawa mikono muda mrefu. Alikaa pale alipokuwa akikaa Konrad, kwa sababu hakuna kiti kingine.

Supu ya kabichi, nyama kidogo ya sungura. Leni alizungumza kuhusu sungura. Mama naye akazungumza kuhusu sungura.

Nikasema: "Arno, unakumbuka harusi yenu?"

"Nakumbuka, shemeji."

"Konrad aliimba."

"Aliimba vizuri sana."

"Ilikuwa miezi minane tu tangu atoke kiwandani. Hakuweza kukaa, aliimba akiwa amesimama, akasimama mpaka mwisho. Watu walisema Konrad ana heshima. Wewe ulijua kwa nini hakai."

Leni akaweka kijiko. Mama akasema, "Watoto."

"Ulimshika miguu," nikasema.

Nilitegemea angekana. Alifuta mdomo, akakunja kitambaa. Kisha akasema, taratibu kabisa, kama mtu anayenielekeza njia: "Kamuulize Ehlen kwa nini yeye alitoka wiki ya tatu. Sote tulikuwa mle ndani, shemeji. Wewe unataka kumtoa mmoja tu."

Wakaondoka kabla ya keki. Mama amekula kipande chake peke yake, akaenda kulala saa kumi jioni.


Jumanne, 24 Februari

Nimejua.

Niliingia kwa Ehlen, nikafunga mlango, nikageuza kibao cha dukani kisomeke 'Pamefungwa'. Nikasema: "Ulitoka wiki ya tatu. Kwa nini?"

Safari hii hakuomba. Nadhani alikuwa amechoka kungoja swali hilo.

Walimpa samaki wa chumvi, wale wa pipa, hawakulowekwa hata kidogo. Walimlazimisha kula kumi na wawili. Kisha wakamfungia bila maji. Siku mbili, Julai, chini ya paa la bati. Siku ya tatu alikuja mtu na jagi. Akalishikilia tu, hakusema kitu, hakupiga. Ehlen akataja jina.

"Jina gani?"

"La Konrad."

Sahani ya supu. Ilikuwa supu ya dengu. Sikuwahi kupika dengu tena.

"Nani alishika jagi?"

"Arno."

Kesho yake walimleta Konrad, na wakamsimamisha Ehlen ukutani atazame matunda yake. Watu watatu walipiga. Arno alishika miguu. Ehlen aliona mwanzo hadi mwisho, hatua mbili kutoka alipokuwa. Haya ndiyo Sandkuhl anayataka, neno kwa neno.

"Konrad alijua kwamba ni wewe?"

"Alijua. Alipotoka akawa anakuja hapa kila Jumamosi. Alikaa kiti kile. Nilimtengenezea viatu hata vilivyokuwa havina ubovu."

"Akisema nini?"

"Hakusema kitu. Alikaa tu."

Niliishi na mume wangu miaka kumi na mitatu. Kila Jumamosi alisema anakwenda kutembea.

Nikamwambia Ehlen: "Kesho unakwenda kwa Sandkuhl. Utasema uliyoyaona. Ya jina, usiseme. Usipokwenda, Jumapili nasimama mbele ya kanisa, na ya jina nitayasema mimi."

Hapo ndipo aliponitazama. "Arno naye hakupandisha sauti," akasema.

Nilitoka. Nilikuwa nusu ya njia nilipokumbuka kwamba sikukirudisha kibao chake.


Jumatano, 25 Februari

Amekwenda. Ametia sahihi.


Ijumaa, 5 Machi

Walimchukua Arno saa tatu asubuhi kwenye vifusi vya Mtaa wa Kituo, alikokuwa akisafisha matofali. Polisi wawili, mmoja alicheza naye kandanda. Wanasema walimpa sigara kwanza.

Nilipata habari kazini. Nilikwenda chooni, nikacheka, mkono mdomoni. Kisha nikarudi kwenye mtambo wangu, nikafuma mita arobaini bila kasoro.

Jioni Leni alikuja. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alimfungia Mama nguo zake, mto wake, picha ya Baba.

"Mama atakaa kwangu. Mimi sasa niko peke yangu. Wewe umeshazoea."

Nilimtazama Mama. Alikuwa anatafuta miwani iliyokuwa usoni pake.

"Mama, hujui alichofanya?"

"Najua," Mama akasema. "Nilijua tangu harusi. Nina mabinti wawili, Adele, nifanyeje?"

Kwa hiyo alijua! Miaka kumi na minne akimkatia Arno kipande kikubwa cha keki.

Bi Nohl alipanda na kahawa ya mizizi. Tulikunywa kusherehekea Arno Pütz kuwa ndani. Nimelala kama jiwe.


Jumanne, 16 Machi

Tumekwenda kiwandani: Sandkuhl, karani, Ehlen, mimi. Sikuitwa, nilikwenda tu, Sandkuhl akajifanya hanioni.

Sikuwahi kuingia mle ndani kabla ya leo. Kwa miezi ile nilifika langoni tu, pamoja na wanawake wengine, kila mmoja na kikapu. Tulipeleka mashati safi, tulirudishiwa machafu, tukayafua majumbani bila kuulizana kuhusu madoa.

Sasa kuna wakimbizi kutoka mashariki, familia kumi na moja, wametenganisha vyumba kwa mablanketi. Katika chumba chenyewe mwanamke mmoja alikuwa akianika nepi.

"Mnatafuta nini?" akauliza.

Sandkuhl akamweleza, kwa ufupi.

"Hapa?" Akatazama sakafu, kisha akamwinua mtoto wake aliyekuwa akitambaa. "Hatukuambiwa. Tulipewa tu namba ya mlango."

Ehlen akaonyesha: meza hapa, yeye ukutani pale, Arno upande huu, anaelekea dirishani. Karani akachora. Ehlen alizungumza kama anayesoma bei za viatu. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Yule mkimbizi akamletea maji kwenye kikombe cha bati, Ehlen akakipokea kwa mikono miwili na hakunywa.

Kurudi, Sandkuhl alinichukua kando. Akasema shahidi ni mzuri, ila wakili wa Arno ni mjanja, mzee wa mahakamani. "Kuna kitu juu ya Ehlen ambacho sijui?"

"Hakuna," nikasema.


Jumapili, 28 Machi. Pasaka

Nilimpelekea Mama yai lililotiwa rangi kwa maganda ya vitunguu. Leni alilipokea mlangoni, akafunga.


Jumamosi, 10 Aprili

Leni alinisubiri nje ya kiwanda cha utepe. Tulitembea hadi darajani. Amevimba macho, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Nimemwona Arno. Wakili ameshapanga. Ehlen akimaliza kusema, atamuuliza nani alimtaja Konrad. Mji mzima utasikia."

"Asikie anayetaka. Ehlen nimeshamwambia ajiandae."

"Sijamaliza, dada. Kisha atauliza Konrad naye alimtaja nani."

Nikamwambia Konrad hakumtaja mtu. Wiki kumi na moja na figo zilizopasuka – hawamwachi hivyo mtu aliyesema.

"Wiki ya tano alisema. Arno alikuwepo." Akatazama maji. "Paul Nohl."

Nilimpiga kofi. Mdogo wangu, ambaye nilimfundisha kufunga kamba za viatu. Hakuinua mkono.

"Mwambie Ehlen augue siku hiyo," akasema. "Bila Ehlen, Arno ni mlinzi tu, atafungwa mwaka mmoja, basi. Hakuna atakayeuliza kitu. Bi Nohl atabaki jirani yako. Nadhani ni bei nzuri."

"Mwongo wewe, na mumeo mwongo."

"Basi kamuulize Ehlen. Si ndiye shahidi wako?"


Jumanne, 13 Aprili

Siku tatu nilijizuia. Leo nikaenda.

Ehlen alikuwa peke yake. Sikuuliza sentensi nzima. Nilisema tu, "Paul Nohl," na uso wake ukanijibu.

"Uliniambia Konrad hakusema kitu pale kwenye kiti."

"Alisema mara moja. Mwaka 35, Desemba. Alisema, 'Gustav, mimi nilimtoa yule kijana wa Nohl.' Kisha akauliza kama gundi imekauka."

"Kwa nini akwambie wewe? Kwa nini si mimi?"

Ehlen alifikiri kwa uaminifu, hilo namkubalia. "Kwa sababu mimi nisingeweza kumlaumu," akasema.

Basi ndiyo maana alikuwa akikaa pale. Nilidhani anamsamehe mtu. Kumbe alikuwa anapumzika.

Na mimi aliniachia jina moja tu, la Arno. Alikuwa nayo matatu. Alichagua lile ambalo ningeweza kulichukia bila kumgusa yeye.


Jumatano, 14 Aprili

Nilijaribu kumchukia Konrad siku nzima. Naweza mpaka saa ya chakula, kisha namwona anaimba amesimama.


Jumapili, 18 Aprili

Bi Nohl amepanda kunionyesha kofia atakayovaa mahakamani. Ya kuazima, ina unyoya. Akaniuliza inakaaje.

"Inakaa vizuri."

"Nataka wanione. Nataka yule aliyemtaja Paul, kama bado yupo hai mji huu, aione kofia hii mahakamani na apate tumbo la kuhara."

Alicheka. Nami nikacheka. Ana meno manne. Ndiye aliyenizuia nisijitupe kaburini kwa Konrad, alinishika kiuno na kusema, "Wewe una bahati, umemzika uliyemwona uso." Alimzika Paul bila kufunguliwa sanduku.

Ningesema pale pale. Nilikuwa na kofia yake mkononi. Nikamrekebishia unyoya.


Jumapili, 25 Aprili

Nimefikiri. Nikimwambia Ehlen augue, Arno anatoka mwakani, anarudi foleni ya mkate, "Shemeji, hujambo?" Atabeba makaa ya Mama. Atazeeka. Watamweka kwenye picha ya timu ya kandanda iliyoning'inizwa baa, winga wa kushoto.

Hapana.

Nimeandika hapana. Sasa lipo kwa wino.


Jumanne, 11 Mei

Siku ya kwanza ya kesi. Ukumbi wa shule, mahakama haina paa. Walinzi saba benchi moja, wamevaa suti, wanaonekana kama kwaya. Arno wa mwisho kulia. Mama amekaa na Leni upande wa pili. Aliniinulia mkono kidogo, kutoka kwenye goti, Leni asione.

Wamesoma mashtaka mchana kutwa. Walipofika kwa Konrad Wirtz, msomaji alikosea akasema Konrad Wirth. Nilisimama nikamsahihisha. Jaji akaniambia nikae. Nikakaa, lakini limesahihishwa.


Jumatano, 12 Mei, saa sita na nusu mchana

Mapumziko. Naandika kwenye korido, benchi la watoto wa shule, magoti yamefika kidevuni.

Ehlen amesema. Alikuwa na koti la Konrad – nilimwazima mimi, lake lina matobo. Dakika arobaini. Samaki, meza, miguu. Sandkuhl akamuuliza kama mtu huyo yumo ukumbini. Ehlen akanyoosha kidole. Arno akainamisha kichwa! Mara ya kwanza. Nimeingoja miaka kumi na miwili, na niliitazama mpaka mwisho, sikupepesa. Ilikuwa nzuri kama nilivyodhani. Siwezi kudanganya kwenye daftari langu mwenyewe.

Kisha yule wakili mzee akasimama, akatazama saa, akasema ana maswali machache kwa shahidi, ila anaona watu wana njaa. Baada ya chakula.

Ehlen amesimama dirishani, hali chakula. Nilimwendea. Akaniuliza, "Akiniuliza la Paul, nijibu nini?" Nikamwambia umekula kiapo. Akasema, "Kiapo nakijua. Nakuuliza wewe." Nikarudi benchini.

Nilimwambia Bi Nohl aende nyumbani. Nilisema umechoka, kuna joto, mchana ni mambo ya mawakili tu, nitakusimulia. Alikuwa anakata mkate wetu vipande viwili, kipande kikubwa akanipa mimi.

"Nimengoja miaka kumi na tano, nichoke leo?"

Amekwenda kushika nafasi. Mstari wa mbele, kwa sababu masikio yake hayashiki tena vizuri. Ninamwona kupitia mlangoni, anawasogeza watu wazima kwa kiwiko, unyoya unacheza.

Leni ameegemea ukuta mkabala nami. Ananitazama mimi, anatazama mlango, ananitazama mimi. Anangoja kuona kama nitamwambia Bi Nohl kabla hajaambiwa na mgeni mbele ya watu mia mbili. Ninazo kama dakika tano. Ni hatua kumi na tano, nimezihesabu.

Au nimwendee Ehlen, nimwambie tumbo limekushika, nenda.

Nataka kusikia ni miaka mingapi watampa. Hiyo ndiyo kweli. Nataka kuwa nimekaa pale jaji akitaja idadi, na nataka Arno ageuke anitafute. Nimeweka kila kitu upande huo, Mama, Leni, na sasa –

Kengele. Ni ile ya shule, ya kuwaita watoto darasani. Ehlen ameingia bila kugeuka. Bi Nohl ametokea mlangoni, ananiita. "Adele mwanangu, njoo, nimeshatuwekea nafasi, tutakaa mbele kabisa." Ananyoosha mkono nimshike, sakafu imepigwa nta, anaogopa kuanguka.

Naweka kalamu. Naenda kumshika.